Evodia Amefunga

Evodia alikuwa akipinda kitambaa cha zambarau aliposikia salamu ya Kimaasai ambayo hakuwa amesalimiwa nayo kwa mwaka mzima.

"Takwenya."

Mguu wake uliganda juu ya kanyagio la cherehani. Mdomo ukamsaliti, ukajibu kabla hajauruhusu.

"Iko."

Saruni alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, shuka jekundu begani, rungu kwapani. Alikuwa amekonda. Wasichana wawili wa Chanika, pale Handeni, waliokuwa wakipita na ndoo zao walimgeukia, kama wasichana wa Chanika walivyozoea kumgeukia, na yeye hakuwaona. Alikuwa akimtazama Evodia kwa yale macho yake yasiyo na haraka, macho ambayo Evodia alikuwa amejiapiza kwamba akikutana nayo tena atayatemea mate. Sasa yalikuwa mbele yake na mate yenyewe hakuwa nayo.

"Unashona nini?" Saruni aliuliza.

"Vitambaa vya kanisa. Vya kufunika misalaba Jumapili ya tano."

"Ya Kwaresima."

"Ya Kwaresima. Wewe Kwaresima umeijulia wapi?"

Alikusudia swali liwe la dharau, likatoka na upole ambao hakuutaka. Saruni aliingia, akakitazama kile kiti cha mbao kilichokuwa pembeni.

"Naweza kukaa?"

"Hicho cha wateja."

"Basi mimi ni mteja. Nimekuja kuuliza habari ya neno moja."

Akakaa. Evodia alirudisha macho kwenye kitambaa na kujifanya anatafuta pindo. Tangu Saruni aoe, walikuwa hawajaongea hata mara moja. Wakipishana sokoni, Evodia aliingia duka lolote lililokuwa karibu, na ndivyo alivyojikuta siku moja amenunua misumari asiyo na kazi nayo.

"Niko kwenye mafundisho," Saruni alianza. "Mke wangu ni Mkristo tangu kwao. Mimi ndiye nilikuwa sijabatizwa. Nabatizwa Mkesha wa Pasaka, kisha ndoa yetu inabarikiwa."

"Hongereni."

"Subiri, Evodia. Jumatano ya Majivu katekista alituuliza darasani, nani hapa amefunga? Akina mama wakanyoosha mikono. Bibi mmoja mzee, hana jino hata moja, naye akanyoosha. Mimi nikacheka. Nikamwambia mwenzangu, huyu bibi naye kafunga ndoa leo? Darasa zima likanicheka mimi."

Evodia naye nusura acheke. Akajizuia, maana aliona Saruni hacheki.

"Mimi nilijua kufunga chakula ni kwa Waislamu, mwezi wao wa Ramadhani. Mkristo akiambiwa amefunga, nilijua ni ndoa. Hakuna aliyewahi kuniambia vingine. Katekista ndiye akanieleza kwamba na nyinyi mnafunga. Mtu anaacha kula, au anaacha kitu anachokipenda sana, anakaa na Mungu mpaka Pasaka. Nilitoka nje, Evodia. Nilikaa kwenye jiwe mpaka darasa likaisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwaka jana nilikuja hapa, nikakuta kufuli. Nikaenda kwa dada yako Efrazia. Nikamsalimia, nikamuuliza, Evodia yuko wapi? Akasema, Evodia amefunga. Nikauliza, wapi? Akasema, Kerenge, kwa mama. Nikauliza, lini? Akasema, Jumatano."

Mkasi ulimponyoka Evodia ukaanguka chini. Hakuna aliyeinama kuuokota.

"Hukuuliza na nani?" alisema kwa sauti ndogo.

"Niliogopa kulisikia jina. Nilijua ni yule mwalimu wenu."

Yule mwalimu aliitwa Castory, na ni kweli kwamba mama yake Evodia alikuwa akimtaka kama mtu anavyotaka mvua. Mama alikuwa mtoto wa mkata mkonge. Alikuwa amekula shida za kambi tangu utoto wake, na aliona kwamba binti yake anastahili mwanamume mwenye mshahara na nyumba ya bati, si mtu wa kumpeleka bomani akakandike ukuta kwa mavi ya ng'ombe. Maneno hayo alikuwa akiyasema hata Saruni akiwapo. Lakini Castory baadaye alijiolea Muheza, na Evodia hakuwahi kukaa naye hata kwenye benchi moja.

"Saruni," Evodia alisema, "nilikuwa nimekufunga wewe."

"Najua. Sasa najua."

"Uliniambia umepanga chumba Korogwe. Uliniambia nije nikae nawe siku mbili tu, halafu utakwenda kujitambulisha kwa mama. Nilikuwa nakuja. Nilikwisha kukunja nguo. Nikajiogopa. Nikasema nikikuona mara moja tu nimekwisha, basi acha Kwaresima hii nisimwone kabisa, nisisikie hata sauti yake, nisali, na Pasaka nimrudie aje kwetu kwa heshima. Simu nikaizima nikaiacha kwa dada. Nikamwambia dada, Saruni akija mwambie nimefunga."

"Akaniambia."

"Jumatatu ya Pasaka nikarudi na gauni jipya. Wauza maziwa wakaniambia pale stendi, kabla hata sijashusha mzigo, kwamba Saruni kaoa. Nikasema kumbe. Kumbe ameshindwa kunisubiri Kwaresima moja."

"Ningekusubiri Kwaresima kumi," Saruni alisema. "Ningeambiwa tu kwamba ni Kwaresima."

Ndipo Evodia alipolia. Alilia bila sauti, akijifuta na kile kitambaa cha kanisa, na zambarau ikaingia madoa. Saruni hakumgusa. Mkono wake ulikuja nusu ya njia ukarudi, na kurudi kule ndiko kulikomuumiza Evodia zaidi, maana huyu hakuwa mhuni wa kumfukuza kwa maneno makali na kupata nafuu.

"Baba alikuwa amenichumbia tangu zamani," Saruni aliendelea. "Nilikuwa nakataa kwa ajili yako. Niliporudi kutoka kwa dada yako, nikamwambia huyo mzee wangu Nkoitiko, fanya unavyotaka. Akafanya haraka, asije akaniona nimebadilika."

"Mkeo ana kosa gani?"

"Hana. Hata moja. Ni mtu mzuri." Akalitoa rungu kwapani, akaliweka magotini. "Sikiliza, Evodia. Kwetu mtu akioa wake wawili hakuna wa kumshangaa. Mzee ana watatu. Nikikuleta nyumbani leo, hakuna atakayekataa. Lakini nikishabatizwa, nikishabariki ndoa, basi. Mlango huo unafungwa. Ndiyo maana nimekuja sasa."

Evodia alijua kwamba hapo angepaswa kusimama na kumwonyesha njia. Alikuwa mwanakwaya, alikuwa mshonaji wa kanisa, padri alimjua kwa jina. Badala yake aliuliza:

"Unataka nifanye nini?"

"Kesho niko Korogwe mnadani. Mchana nitakuwa kwenye ile hoteli yetu karibu na stendi, ya chai ya tangawizi. Ukija, Jumapili siendi mafundisho. Tutakwenda kwa mama yako, tutakwenda kwa mzee wangu, tutamaliza. Usipokuja, nitajua."

"Wewe kujua kwako tumekuona, Saruni."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidonda.

"Kweli. Basi nipigie. Uniambie kwa maneno yote, usinikatie."

Akainuka, akaokota ule mkasi, akauweka mezani taratibu na kuondoka.

Jioni ile, kabla ya kwenda kanisani, Evodia alimkuta dada yake jikoni akichambua maharage.

"Dada, mwaka jana Saruni alipokuja, ulimwambia nini?"

"Ulichonituma. Kwamba umefunga."

"Hivyo tu?"

"Ulitaka nimhubirie? Akauliza wapi, nikamwambia Kerenge. Akauliza lini, nikamwambia..." Efrazia aliacha kuchambua. Mkono ulibaki hewani na punje za maharage. Alikuwa mzito wa maneno, lakini hakuwa mjinga. "Mungu wangu. Evodia. Alifikiri..."

"Alifikiri."

"Niliona uso umembadilika. Nikasema moyoni, huyu kijana naye, mwenzake kufunga tu ndiyo anataka kulia?" Akaketi vizuri, akaziachia punje. "Mimi sikumtaka, mdogo wangu, hilo sikufichi. Lakini uwongo sikumwambia."

"Najua, dada."

Na hilo ndilo lililomkaba. Angempata wa kumlaumu angeshukuru. Dada alifikisha salamu kama alivyotumwa, na Saruni alisikia kama alivyojua. Aliyefunga neno likawa fupi kiasi kile ni yeye mwenyewe, kwa sababu aliona haya kumwambia dada yake kwamba anamkimbia mwanamume anayemtamani. Maneno mawili zaidi, mpaka Pasaka, na leo angekuwa mke wa mtu.

Kwenye Njia ya Msalaba Evodia alipiga magoti pamoja na wenzake na kuinuka pamoja nao. Miaka yote alikuwa akisali kama mtu anayeagiza hotelini, nipe hiki, niondolee kile, mwangalie mama, ongeza wateja. Mwaka jana kule Kerenge alikuwa ameagiza kitu kimoja tu, kwamba Pasaka ifike haraka. Leo maneno ya kitabu yalipita mdomoni bila kushika popote. Kwenye kituo cha tatu, Bwana anapoanguka mara ya kwanza, alijikuta anasema moyoni, Mungu, mimi nataka kwenda Korogwe. Akashtuka. Lakini alikuwa hajamwambia Mungu jambo la kweli namna ile tangu alipojua kusali, kwa hiyo akalirudia kituo kwa kituo, nataka kwenda, nataka kwenda, na hakuna aliyemjibu.

Jumamosi asubuhi alivaa gauni la bluu, lile la Pasaka ya mwaka jana ambalo hakuwahi kulivaa tena. Alijipaka mafuta. Alimwambia Efrazia kwamba anakwenda Korogwe kununua uzi mweupe, na Efrazia alilitazama gauni, akautazama mkoba, akasema safari njema bila kuuliza. Mtu akiamua kujidanganya, hata uzi unamtosha. Evodia alijiambia kwamba anakwenda kumkatalia Saruni uso kwa uso, kwa heshima, halafu anapanda basi la kurudi. Akapitia kibandani kuchukua mwavuli, na alikuwa amekwisha kubana kufuli aliposikia mtu nyuma yake.

"Shikamoo. Fundi Evodia ni wewe?"

Alikuwa mwanamke mdogo, pengine wamepishana miaka michache tu, lakini aliamkia kwa kuinamisha kichwa kama binti aliyelelewa. Shanga nyeupe shingoni, viatu vyenye vumbi, na mfuko wa kitambaa mkononi.

"Marahaba. Ni mimi."

"Naitwa Naishorua. Mke wa katekista kanielekeza kwako. Nataka shati jeupe la mume wangu. La ubatizo."

Evodia alifungua kufuli. Hakujua afanye nini kingine. Jina lile la mke wa Saruni alikuwa hajalitamka hata siku moja, alikuwa akisema yule, au mkeo, na sasa jina limekuja lenyewe limekaa kwenye kiti cha wateja na kutoa kitambaa cheupe mfukoni, kimekunjwa vizuri kabisa.

"Vipimo vyake unavyo?" aliuliza.

"Sina. Nilitaka nilete shati lake la zamani upimie. Analo moja, halivai wala hataki liguswe. Nimelitafuta, kalificha sijui wapi."

Evodia alilijua shati hilo. Lilikuwa la kijivu, na vifungo vyake alivichagua mwenyewe.

"Mwenyewe hawezi kuja?"

"Yuko Korogwe mnadani. Tena siku hizi sitaki kumsumbua, amefunga."

Neno lile lilimpiga Evodia kifuani. Naishorua alilisema kwa fahari ya mwanamke anayemsifu mumewe mbele ya watu.

"Amefunga kweli, fundi. Tangu Jumatano ya Majivu hali. Namwekea maziwa kwenye kibuyu, asubuhi nayakuta. Jioni anakaa nje peke yake. Nilikuwa namwomba Mungu sana ampe moyo wa sala, maana mafundisho alikuwa anakwenda kwa ajili yangu tu, kuniridhisha. Sasa naona ananishinda mimi niliyezaliwa ndani. Kuna mtu amemgusa moyo. Sijui ni katekista, sijui ni nani. Mimi huyo mtu namwombea kila siku."

Evodia alichukua chaki, akaiweka, akaichukua tena. Katika watu wote wa Handeni, ni yeye peke yake aliyejua yale maziwa yanalala kwa ajili ya nini.

"Acha kitambaa," alisema. "Nitashona."

"Bila kipimo?"

"Niliwahi kumshonea zamani. Nakumbuka."

Naishorua alikinyoosha kitambaa kwa kiganja. Nje muuza karanga alipita akigonga kopo lake.

"Basi unajua bega lake la kushoto limeshuka," Naishorua alisema. "Alianguka akiwa mdogo."

"Najua."

Mwanamke yule alimtazama. Alilitazama lile gauni la bluu, mafuta yaliyong'aa shingoni, mkoba mezani na mwavuli juu yake. Hakukunja uso. Alikuwa kama mtu anayehesabu mifugo jioni na kuona hesabu inakataa.

"Ulikuwa unasafiri?"

"Nilikuwa naenda Korogwe. Kununua uzi mweupe."

"Nimekuchelewesha."

"Hapana."

"Utaenda?"

Sauti ilikuwa ya chini, na Evodia hakuweza kujua mwenzake anauliza habari ya uzi au ya kitu kingine. Hata baadaye hakuweza kujua. Alivuta droo ya cherehani, na humo ndani kulikuwa na uzi mweupe, rola zima ambalo halijaanzwa.

"Uzi ninao," alisema.

Naishorua alishusha pumzi. Akainuka, akasema asante, akasema Mungu akubariki, akaondoka na mfuko wake mtupu.

Mchana ulipofika, Evodia alichukua simu. Saruni aliipokea kabla haijaita mara ya pili, na nyuma yake zilisikika kelele za stendi ya Korogwe, wapiga debe wakiita abiria wa Tanga na wa Lushoto.

"Umefika wapi?"

"Niko Chanika."

"Basi limechelewa?"

"Saruni, nimefunga."

Kelele za stendi ziliendelea. Evodia alimsubiri.

"Umefunga nini?" Saruni aliuliza taratibu.

"Wewe."

"Kama mwaka jana?"

"Si kama mwaka jana. Uliniambia nikwambie kwa maneno yote, basi nakwambia. Mwaka jana nilifunga nikijua Pasaka nitakula. Hii haina Pasaka. Pasaka wewe utabatizwa, utavaa shati jeupe, utabariki ndoa yako. Mimi nitakuwa kwenye kwaya. Usinitafute kwa macho."

"Unalia, Evodia."

"Nalia."

"Basi hutaki hili unalosema."

"Mtu hafungi asichokitaka, Saruni."

Evodia akamsikia akikaa, au akiegemea kitu. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya mbali, kana kwamba simu ameishusha.

"Ningeuliza swali moja tu siku ile. Na nani. Ningeuliza hilo tu."

"Na mimi ningesema mpaka Pasaka. Hatukusema." Alijifuta macho kwa kiganja. "Ukirudi leo, kunywa maziwa utakayoyakuta yamewekwa. Kula. Unamkondesha na yeye."

"Habari ya maziwa umeipata wapi?"

Evodia alikitazama kitambaa cheupe mezani. Aliweza kumsikia Saruni akielewa, hatua kwa hatua, nani alikuwa Chanika asubuhi.

"Amekuja kwako," alisema mwishowe.

"Ameleta kitambaa. Nenda nyumbani, Saruni."

Alikata simu, kisha akaizima. Safari hii hakumwachia mtu ujumbe.

Alikaa kitambo, mikono mapajani, gauni la bluu likimbana kiunoni. Hakujisikia mtakatifu wala mshindi. Alijisikia kama siku ile ya Jumatatu ya Pasaka, na mzigo haujashuka, na tofauti ilikuwa kwamba leo aliyefunga mlango ni yeye, na funguo anazo. Angetaka kusali, na sala za kuagiza zilikuwa zimekwisha zote. Hakuwa na cha kuomba apewe.

Akakunjua kile kitambaa cheupe, akakilaza juu ya meza na kukipiga chaki bila kupima. Akapitisha uzi kwenye sindano. Kisha, kwa sauti, maana kibandani hapakuwa na mtu, akasema:

"Naishorua."

Lilimkwama. Akafumba macho, akalirudia, Mungu, Naishorua, na nyuma ya jina hilo halikuja neno lingine lolote, akaona kwamba pengine kwa leo linatosha. Akakanyaga cherehani, akaanza na bega la kushoto, akalishusha kidogo kama alivyolikumbuka.